Somo: Kuendesha mzunguko wa postikadi za minara ya taa

Mzunguko huu umelenga kila mpenzi wa minara ya kuongozea meli atume kadi tano na apokee tano. Msipange watu wawili wawili: mmoja akizembea, mwenzake hapati kitu, na mara nyingi kila mmoja humngoja mwenzake aanze. Pangeni duara.

1. Uandikishaji, mwezi wa Mei. Chukua jina, nchi na anwani vilevile itakavyoandikwa kwenye kadi. Tanzania na Kenya barua huishia kwenye sanduku, na masanduku mengi ni ya shule, msikiti, kanisa au ofisi. Jina la mwenye sanduku lisipotajwa, kadi hukaa bila mtu wa kuichukua. Kwa hiyo: jina la mpokeaji, kwa kupitia nani, S.L.P., mji, kisha nchi kwa herufi kubwa mstari wa mwisho. Kila mtu apewe anwani tano zake tu, na orodha nzima ifutwe mzunguko ukiisha.

2. Duara. Tuseme mko 12. Wape namba, mkichanganya nchi. Namba 1 anawatumia 2 hadi 6, namba 2 anawatumia 3 hadi 7, na namba 12 anawatumia 1 hadi 5. Kwa kadi tano msipungue watu 11. Mkiwa 10, namba 1 na namba 6 watatumiana wao kwa wao, na kungojeana kutarudi palepale.

3. Kadi. A6 (milimita 105 kwa 148) ndiyo salama. Marekani, kwa mfano, kadi inayozidi inchi 4.25 kwa 6 hulipiwa kama barua.

4. Uandishi. Ujumbe kushoto, anwani kulia. Acha milimita 16 za chini wazi, maana mashine za posta huchapa mistari yao hapo. Anwani yako usiiweke: mashine ikiisoma kama ya mpokeaji, kadi itakurudia. Tumia bolpeni, wino wa jeli haukauki upesi kwenye karatasi ya kung'aa.

Hapa ndipo pa kutulia. Andika mnara uko wapi, uliwashwa mwaka gani, urefu wake, rangi zake na mpigo wa taa, yaani humweka mara ngapi na kila sekunde ngapi. Mfano: Cape Hatteras, North Carolina, 1870, takriban mita 60, mistari myeusi na myeupe inayozunguka, mmweko mmoja mweupe kila sekunde 7.5, ulihamishwa 1999 kwa sababu bahari ilikuwa inakula ufuko. Nahodha huutambua mnara mchana kwa rangi zake na usiku kwa sekunde zake. Kadi isiyo na hayo ni picha ya jengo tu.

5. Posta. Tumeni kabla ya Juni 15, ili kadi ziwahi Agosti 7, siku ya minara ya taa Marekani, inayokumbuka sheria ya 1789 ya kujenga na kutunza minara hiyo. Ikiwezekana, tumia posta iliyo karibu na mnara wenyewe, na mwombe karani agonge muhuri kwa mkono.

Maswali ya wanachama

*Ndugu mratibu, niko Unguja. Nataka kutuma mnara wa Chumbe wa 1904 lakini madukani sioni kadi yake.*
Chapisha picha uliyopiga mwenyewe, dada. Karatasi moja ya A4 hutoa kadi nne, hivyo karatasi mbili zinatosha na kadi tatu zinabaki za akiba. Chagua karatasi ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba; nyembamba hukunjika mashineni.

*Siku 60 zimepita, kadi moja haijafika. Nimdai mtumaji?*
Usimdai. Niambie mimi. Tunawaomba wote wapige picha kadi zao pande zote mbili kabla ya kutuma, kwa hiyo naangalia anwani kwanza. Ikiwa sahihi, mtumaji wa akiba, yaani mwanachama wa kuziba pengo, atakutumia nyingine. Ikiwa ilikosewa, aliyeikosea anatuma upya.

*Niiweke kwenye bahasha isichafuke?*
Ukiiweka, muhuri utagongwa kwenye bahasha badala ya kadi. Wengi wetu tunautaka muhuri kuliko usafi, kaka, lakini muulize mpokeaji wako.