Kupaka rangi upya paa la faiba la vani ya safari

Vani zinazopeleka watalii Tsavo kutoka Mombasa huzeeka kwanza paani. Pitisha kiganja juu ya paa: kikitoka cheupe kama umeshika unga wa ngano, jelikoti, yaani ganda la juu la faiba, imeliwa na jua. Ganda hilo lina unene wa kama nusu milimita tu, na chini yake ni rezini na nyuzi za kioo. Ukianza kuziona nyuzi, ongeza siku moja. Paa zima hunichukua siku nne, na rangi yenyewe ni asubuhi moja.

Hatua ya 1: Osha
Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Anza na sabuni ya vyombo na brashi. Usisuuzie maji ya kisima, maana visima vingi vya hapa vina chumvi. Nunua madumu mawili ya mkokoteni, maji baridi yasiyo na chumvi. Paa likikauka, shika matambara mawili: moja lenye thina, jingine kavu, na hilo kavu lifuate papo hapo kabla thina haijaruka. Ukichelewa, umeitandaza polishi ya zamani badala ya kuitoa. Petroli iache, ni hatari na huacha mafuta.

Sasa mwagia kikombe cha maji. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la mgomba, bado kuna nta ya polishi, rudia. Yakitanda yote kama shuka, endelea. Usiguse msasa kabla ya hapo, kwa sababu msasa huisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na rangi itakuja kufanya vishimo vya duara usivyoweza kuvificha.

Hatua ya 2: Ziba nyufa
Tazama kwenye bawaba na bolti, ndipo nyufa huanzia. Ufa usiufunike, ufungue kwa msasa namba 80 hadi pazima. Ukifika kwenye nyuzi, weka tabaka mbili za mkeka wa faiba na rezini. Kwa joto letu hadena (dawa ya kugandisha) ya asilimia 1 yatosha: gramu 5 kwa gramu 500 za rezini. Ukizidisha, itagandia mkebeni ukiwa bado unakata mkeka. Juu yake paka fila ya kusawazisha.

Hatua ya 3: Msasa
Namba 240, kisha 400 kwa maji. Vaa mikono mirefu na barakoa. Vumbi la faiba huwasha, na jioni ukioga, anza na maji ya baridi.

Hatua ya 4: Praima (rangi ya msingi)
Epoksi, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Ikikauka utaona vitundu vya sindano ambavyo hukuviona jana. Vijaze puti laini ukiisukuma kwa kipande cha plastiki, halafu 400 tena.

Hatua ya 5: Rangi
Tumia poliuretani ya kuchanganya na hadena, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe. Chagua nyeupe, abiria watakushukuru. Rangi ya mafuta ya milango ni rahisi, lakini itarudi kuwa unga upesi. Hadena hii ni sumu ya mapafu. Barakoa ya kitambaa haisaidii, tafuta yenye vichujio vya mvuke.

Anza kama saa tatu asubuhi, umande umekauka na upepo wa bahari haujachachamaa. Niliwahi kupiga saa kumi na moja jioni pale Magongo, wakati wa kusi. Kulipokucha paa lilikuwa limefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, nikalirudia kwa pesa zangu. Tafuta kivuli cha turubai, si cha mwembe. Kunguru wa Mombasa mnawajua.

Piga mikono miwili myepesi na mmoja wa kushiba, ukingoja kama dakika 20 kati yake.

Mpira wa kuzunguka paa la kuinua usiurudishe kabla ya siku tatu. Ukiubana mapema hunata, na ndovu atakuwa amesimama pembeni ya gari huku dereva akilipigapiga paa kwa kiganja lifunguke.