Kuweka tailizi za baraza la nje na ngazi huku Minnesota zisibanduke

Ndugu zangu mlionunua nyumba huku, naomba msome hii kabla hamjaenda kununua chochote, maana kila mwezi wa 4 theluji ikishayeyuka napigiwa simu na watu ambao tailizi zao za nje zimeinuka zenyewe, na roho inaniuma kwa sababu hizo ni hela za mtu anayepiga shifti mbili.

Kinachobandua tailizi ni maji. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kama asilimia 9, sasa yakiwa yamejificha chini ya tailizi hayana pa kwenda, yanasukuma juu. Na miezi mibaya ni wa 3 na wa 11, mchana yanayeyuka usiku yanaganda, kesho tena hivyo hivyo, kila mara ufa unapanuka kidogo.

Anza na jamvi, yaani sakafu ya zege utakayoweka tailizi juu yake. Zege jipya liache siku 28. La zamani likiwa limepasuka na upande mmoja umepanda, usiweke kitu juu, hapo ardhi inacheza. Kanuni za ujenzi za hapa zinataka msingi ushuke inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, ili ukae chini ya udongo unaoganda, ila ngazi nyingi za zamani zimekaa juu juu tu. Halafu mwaga ndoo ya maji uangalie yanaelekea wapi. Mteremko uwe robo inchi kwa kila futi, yaani kama sentimita 2 kwa mita, kutoka ukutani kwenda nje. Pakituama parekebishe kwanza, usijidanganye kwamba utasawazisha kwa gundi. Juu yake weka membreni, yaani utando wa kuzuia maji, inayoruhusiwa kutumika nje.

Tailizi chukua porseleni inayonyonya maji asilimia 0.5 au chini, na boksi liwe limeandikwa inahimili barafu. Uso uwe wa kukwaruza, R11 (kipimo cha kutoteleza) inafaa, zile za kung'aa ziache sebuleni.

Sasa gundi, hapa ndio wengi tunaharibu. Nyumbani mafundi wengi tumezoea madonge matano, manne kwenye kona na moja katikati, unagonga na nyundo ya mpira basi. Ngazi yangu ya kwanza huku niliiweka hivyo, ikakaa safi majira yote ya joto, kufika Machi ukigonga inalia ko ko ko, na Aprili tailizi nne zikang'oka, mama mwenye nyumba nusura aanguke. Nilirudi nikaweka upya bila kumlipisha. Kila uwazi kati ya donge na donge ni kikombe cha maji, elewa hivyo. Tumia gundi yenye polima iliyoandikwa ya nje, ivute na mwiko wa meno mistari ielekee upande mmoja, paka na mgongo wa tailizi, bonyeza huku unaisogeza kukata ile mistari, kisha ing'oe moja ukiwa bado unaendelea na kazi uangalie mgongo wake, gundi iwe imeshika asilimia 95 kona zote. Na hali ya hewa isishuke chini ya nyuzi 50 za huku (10 za selsiasi) mchana na usiku kwa siku tatu hivi, kwa hiyo kazi ya mwezi wa 10 mimi siichukui, mteja akasirike tu.

Kwenye ngazi, tailizi ya kusimama weka kwanza, ya kukanyagia ije juu yake iifunike, ili maji yasiingie kwenye ule ukingo, nayo ilale kidogo kuelekea mbele. Pima vimo vya ngazi vyote ukijumlisha unene wa tailizi na gundi, visipishane hata sentimita 1, mguu wa mtu gizani unahesabu.

Grauti, ule mchanganyiko wa kujaza mianya kati ya tailizi, usijaze kila mahali. Pale tailizi inapokutana na ukuta, na kila futi 8 mpaka 12 barazani, acha nafasi ujaze silikoni ya nje, maana jua la Julai linazitanua.

Winta ikifika tumia koleo la plastiki, na badala ya chumvi mwaga mchanga, chumvi inakula grauti.