Dawa ya magugu ya mguso kwenye karanga na mtama

Dawa ya mguso huunguza pale tu tone lilipotua. Haishuki mpaka mizizini, kwa hiyo jani lililojificha chini ya jingine linabaki zima na gugu linachipua upya.

Kwa karanga na mtama wa Kongwa au Chamwino, dawa yenye kiambato cha bentazoni inafaa. Inaua magugu machanga ya majani mapana kama kishonanguo na kuliacha zao. Nyasi haiziui. Alizeti inaiua, kwa hiyo shamba lililochanganywa mtama na alizeti usilipige kabisa, na kama jirani ana alizeti upande upepo unakoelekea, ahirisha. Ndago huungua majani tu, viazi vyake ardhini vinachipua tena. Kiduha nacho usikitegemee kufa kwa dawa hii: kinachomoza juu kikiwa kimeshanyonya mizizi ya mtama.

Piga magugu yakiwa na majani mawili hadi manne. Yakifika gotini umechelewa, shika jembe. Udongo uwe na unyevu. Mvua ikikata katikati ya msimu, Januari au Februari, ndipo hela nyingi za dawa hupotea hapa Dodoma: gugu lenye kiu hukomaza ngozi ya jani, dawa haipenyi, mkulima anaongeza dozi, na zao lililokwisha kudhoofika ndilo linaloungua. Subiri inyeshe, magugu yachangamke.

Kabla ya kugusa dawa, pima maji. Pima kipande cha mita 10 kwa 10, tia lita 5 za maji matupu kwenye bomba la kupulizia, piga kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Yakitumika lita 2, eka moja, ambayo ni vipande kama 40, itataka lita 80, yaani mabomba 5 ya lita 16. Lebo ikisema lita 1 kwa eka, kila bomba linapata mililita 200. Wengi hupima kwa kifuniko na kubana maji ili wasirudi kisimani. Dozi hapo inakuwa ya kubahatisha, na matone hayaenei kwenye majani.

Nunua chupa yenye namba ya usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), na vipimo vya lebo yake ndivyo ufuate. Vaa glovu, buti, barakoa na mikono mirefu. Jaza maji nusu bomba, tia dawa, koroga, ongeza maji. Tumia nozeli bapa (mdomo wa bomba unaotoa dawa kama feni), sentimita 50 juu ya magugu. Anza asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo haujaanza. Dawa hii inahitaji mwanga wa jua ili iue, na mvua ya mapema huiosha. Usiichanganye na dawa ya nyasi, kwani hiyo ya nyasi hupungua nguvu. Bomba lililopiga 2,4-D, dawa nyingine ya magugu ya majani mapana, lioshe kwa sabuni mara tatu, pamoja na mpira na nozeli. Mabaki kidogo tu yanapinda karanga, na mzabibu ndio huumia zaidi.

Baada ya siku chache magugu huanza kuwa njano, kisha hukauka. Ukiona mistari ya kijani, nozeli iliziba au uliruka nafasi. Yakiungua juu na kuchipua chini, maji yalikuwa machache au magugu yalishakua. Yakibaki kijani shamba zima, angalia kwanza unyevu wa udongo siku uliyopiga.