Kuchangia Programu-jalizi ya QGIS Ukiwa Lamu

Programu-jalizi nyingi (viongezo vya kuipa programu uwezo mpya) za QGIS, programu huria ya ramani iliyoanza mwaka 2002, huandikwa kwa lugha ya Python. Kabla ya kugusa chochote, soma leseni pamoja na faili la metadata.txt, ambamo utaipata anwani ya hazina ya msimbo, yaani mahali msimbo wake unapohifadhiwa.

Anza na hitilafu unayoweza kuionyesha. Lamu iko kusini mwa ikweta, kwenye latitudo ya takriban -2.27; programu-jalizi ikisoma "2.27 S" kisha ikaidondosha alama ya kutoa, mitaa ya Lamu ya Mkomani na Langoni itahamia nchi kavu, karibu na mpaka wa Somalia, ambako jahazi halifiki. Iripoti kwenye hazina hiyo, ukieleza kwa utulivu ulichofanya, ulichotarajia, ulichokiona na toleo unalotumia.

Ndipo uinakili hazina kwa Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, ufungue tawi jipya (nakala ya kando ya kufanyia mabadiliko), urekebishe mstari wa msimbo wenye hitilafu hiyo tu, na uongeze jaribio linalothibitisha kwamba Lamu imerudi pwani. Usipange upya faili zima. Wasimamizi, ambao wengi wao hujitolea, huchoshwa na hilo kuliko kosa lenyewe. Kisha tuma ombi la kuunganisha mabadiliko yako na msimbo wao, ukitaja namba ya hitilafu uliyoiripoti.