Kunoa kisu kwa kifaa cha kubana: usikimbilie jiwe laini

Wakuu, hii ni ya wale walionunua kile kifaa cha kunolea chenye kibanio, fimbo na mawe ya kubadilisha, wakajaribu mara moja kisu kikatoka kinang'aa lakini nyanya hakikati, basi kifaa kikatupwa juu ya kabati. Mie huku Tanga nanoa visu vya wakata samaki wa soko la Deep Sea na vya migahawa miwili mitatu, na nawaambia kifaa hakina shida, shida ni haraka tu.

Kwanza osha kisu kwa sabuni ukikaushe, maana kisu cha samaki kina mafuta na kitateleza kwenye kibanio. Bandika tepu ya karatasi pale kwenye mgongo utakapobana ili chuma kisichubuke. Kaza, halafu kitikise, kikicheza rudia.

Sasa wapi ubane, hapa ndo wengi wanapapita tu. Fimbo inazunguka kwenye sehemu moja haihami, kwa hiyo makali yanavyozidi kuwa mbali na hiyo sehemu ndivyo pembe inavyozidi kulala, kwahiyo ukibana karibu na mpini basi kule nchani utapata pembe nyingine kabisa na utaona mstari wa makali umekuwa mpana kuliko kwingine. Ukiuona huo upana nchani, sogeza kibanio kuelekea nchani kidogo kidogo mpaka mstari ulingane. Ukishapapata, piga picha kwa simu au weka alama kwenye tepu, siku nyingine ubane palepale. Kisu kirefu sana noa nusu kwanza, hamisha kibanio, kisha nusu nyingine, na vile vyembamba vya kutolea minofu vinavyopinda usivigandamize.

Pembe: kifaa cha Lansky kwa mfano kina matundu ya kupitishia fimbo ya digrii 17, 20, 25 na 30, na hizo ni za upande mmoja, yaani 20 kila upande ni 40 jumla. Kisu cha minofu mie naweka 17, cha jikoni cha kawaida 20, kile cha kugonga vichwa vya nguru na mifupa 25 maana kikiwa chembamba kitamegeka. Panga achana nalo, panga lipigie tupa tu.

Kabla hujaanza chukua maka peni upake wino kwenye makali yote, kisha pitisha jiwe mara mbili tatu taratibu, angalia. Wino umetoka juu tu, upande wa mgongo? Pembe imelala sana, inua. Umetoka kwenye ukingo wenyewe tu? Imesimama sana, shusha, au kama unataka makali magumu zaidi endelea hivyohivyo. Ukitoka wote uko sawa. Hii kitu rudia kila ukibadilisha jiwe, kwasababu mawe hayalingani unene na unene ukibadilika na pembe inabadilika.

Haya, jiwe la kwanza. Seti nyingi za bei nafuu zina namba 120, 320, 600 na 1500, namba ikipanda jiwe linakuwa laini zaidi. Kisu chenye mapengo anza na 120, kilichopoteza makali tu anza na 320. Usigandamize, peleka jiwe kutoka mpinini mpaka nchani, na usihamie jiwe lingine mpaka utokee ule unyuzi wa chuma upande wa pili. Unyuzi ni chuma kilichojikunja kwa sababu jiwe limefika ukingoni kabisa. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, sio kwa urefu wa makali jamani, utakwaruzwa kidogo. Lazima uusikie toka mpinini hadi nchani, ukikosekana hata sehemu ndogo hapo bado ni butu na jiwe laini halitakusaidia, litapang'arisha tu. Ukiupata, geuza, fanya upande wa pili mpaka unyuzi urudi huku. Hapa ndo kazi yote, inaweza kuchukua muda kuliko mawe mengine yote kwa pamoja, vumilia.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Panda namba, kila jiwe pande zote, na mwisho pitisha mara moja upande huu mara moja ule, kwa uzito wa jiwe lenyewe, mpaka unyuzi uishe. Visu vya samaki naishia 600, makali yanabaki na ukwaruzo unaoshika ngozi ya changu haitelezi, ila cha kukatia nyama laini au mboga malizia 1500 na mkanda wa ngozi, ukivuta kuelekea mgongoni.

Jaribu kwa karatasi au nyanya iliyoiva. Kisha osha unga wa chuma, kausha, maana chumvi ya bahari inakula makali mapya upesi. Na cha mkate chenye meno usikibane humu, mawe bapa yatayalamba meno.