Shangazi wa Vibaba vya Uwele: Namna ya Kufumbua Undugu Usioeleweka

Ukoo ulinipa ukatibu kwa sababu nauza mafuta ya alizeti soko la Majengo, Dodoma, na madeni ya watu nayaweka kichwani. Waliona anayekumbuka nani anadaiwa lita mbili hatashindwa kukumbuka nani kamzaa nani. Nilishindwa mara nyingi tu, na haya ninayoandika nimejifunza humo humo kwenye kushindwa.

Kazi yenyewe ilianza na posa. Kijana wetu wa Handali, mtoto wa baba mdogo (wa damu, nimehakiki), alitaka kuoa binti wa Mvumi. Mzee mmoja akasimama kikaoni: haiwezekani, yule binti ni mpwa wa kijana. Mwingine akamkatiza: mpwa gani, yule ni shangazi yetu. Binti mwenyewe ana miaka 22. Nikaambiwa, katibu, tafuta.

Nunua kaunta buku na penseli. Wino uuache kwa ajili ya risiti. Kila jina lipe safu tatu: aliyembeba tumboni, aliyempa mama huyo mimba, na mji, yaani kaya, aliokulia. Safu zikikubaliana, songa mbele. Zikipingana, agiza chai nyingine, maana hapo ndipo penye habari.

Kwa nini safu tatu? Kwa sababu maneno yetu ya undugu yana adabu kuliko taarifa. Baba mdogo ni baba, mama mkubwa ni mama, mtoto wa baba mkubwa ni kaka, na babu ni mzee yeyote aliyekuwa akitoa ugoro kwenye kibindo cha shuka. Ukimuuliza mtu "fulani ni nani yako?" atakupa heshima yake, na heshima haichoreki. Uliza "alizaliwa tumbo la nani?" Ukiona mzee anakohoa kabla ya kujibu, usimharakishe.

Jihadhari na utani wa babu na wajukuu. Mimi niliandika kwamba babu mmoja alikuwa na wake watatu, kwa kuwa kila aliyemkumbuka alisema "na yule wa tatu, mke wake mdogo, alikuwa hamwachi hata hatua". Nikayasoma mbele ya ukoo. Watu wakacheka mpaka mama mmoja akatoka nje. "Mke mdogo" alikuwa mjukuu wake wa miaka mitano, na alikuwepo pale kikaoni, bibi mtu mzima, ananitazama.

Majina nayo. Mjukuu hurithi jina la babu au bibi, na baada ya hapo watu humwita kwa cheo cha aliyerithiwa. Kwa hiyo kila jina liandikie mwaka hata wa kukadiria. Wazee hawakupi tarehe, wanakupa tukio: kabla ya Mtunya au baada yake, ile njaa kuu ya Ugogo ya 1917 hadi 1920 iliyokuja na vita vya Wajerumani na Waingereza, wakati Waingereza wanalima karanga Kongwa, kuanzia 1947, mwaka wa Uhuru, wakati wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, hapa kwetu mwanzoni mwa miaka ya 70, mwaka 1973 TANU ilipoamua makao makuu yaje Dodoma. Andika tukio kwanza, mwaka pembeni.

Vitabu vya ubatizo ni hazina kwa sababu karani wa kanisa hakuwa na haja ya kumstahi babu yako. Misheni za zamani kama Mvumi, Kongwa, Mpwapwa na Kilimatinde upande wa Anglikana, au Bihawana kwa Wakatoliki, ndiko pa kuanzia. Nenda na barua ya mchungaji wako, nenda siku isiyo ya misa, na kumbuka mtu akibatizwa alipata jina jipya. Yohana wa kitabuni anaweza kuwa ndiye yule mwenye jina la Kigogo unayemtafuta mwezi mzima.

Humo nilikuta watoto watano wa bibi mmoja, ambao sisi sote tuliwajua kuwa wa babu, wameandikwa baba wawili. Watatu wa kwanza baba yao ni kaka mkubwa wa babu. Alikufa, babu akamrithi mjane, wakazaliwa wawili wengine. Wale watano ni tumbo moja, na papo hapo ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo. Kivinasaba wamekaa katikati: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki kama asilimia 50, wa mzazi mmoja 25, wale watatu kwa hawa wawili kama 37.5.

Kuna wanaosema basi tupime vinasaba tumalize. Kwanza, vipimo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali vinaongozwa na sheria ya 2009 na maombi hupitia mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Udadisi wa katibu wa ukoo haumo. Pili, namba peke yake inapotosha. Ndugu wawili wakioa madada wawili, watoto wao hushiriki asilimia 25, sawasawa na watoto wa baba mmoja mama mbalimbali. Bila daftari utavunja nyumba ya mtu bure.

Sasa yule shangazi wa miaka 22. Nilikwenda Mvumi kwa mama mmoja mzee sana, ambaye kwa hesabu za kikao ni binamu ya baba, kwa hiyo shangazi yangu. Nilibeba sukari na lita ya mafuta. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, kisha nusu saa nzima ya bei za mtama. Nilipouliza mama yake alizaliwa tumbo la nani, hakujibu. Alichota mbegu za ubuyu alizokuwa amemaliza kumumunya, akazipanga mkekani: nne zikiwa pamoja, "hawa ndugu za mama". Ya tano akaiweka mbali, upande wa pili wa kisahani. Akaitazama kidogo, halafu akaisukuma kwa kidole polepole mpaka ikagusa zile nne.

"Vibaba vya uwele," akasema. "Vingapi, mama hakuniambia."

Mbegu ya tano ni mama yake shangazi. Wakati wa Mtunya, akiwa mtoto, baba yake alimwacha kwa babu mzaa babu yangu, akaondoka na uwele. Hakurudi. Mtoto akakulia mjini mwetu, akaitwa binti, na alipoolewa Mvumi ng'ombe wa mahari waliingia zizini kwetu. Damu hamna hata tone. Binti anayeposwa ni kitukuu chake, na amerithi jina lake. Ndiyo maana mmoja alimwita mpwa na mwingine shangazi, na wote wawili walikuwa sahihi.

Kabla sijaondoka nilimuuliza niseme lipi kikaoni. Uliza hivyo kila mara, na ukikatazwa, nyamaza. Alisema: sema alilelewa, uwele usiutaje wakati marehemu bado wana wajukuu wanaoona aibu. Amefariki, na wajukuu wake ndio walioniruhusu niandike haya.

Wazee walibishana tangu asubuhi mpaka jua likazama. Mwisho walitaka mbuzi mmoja wa kuvunja undugu, akachinjwa, harusi ikafungwa. Kwenye daftari nimechora mstari wa nukta kutoka mji wetu hadi kwa shangazi yule. Mtoto wa maharusi ana miezi saba. Yule mzee aliyepinga anamwita mjukuu akimshika kwa upande wa baba, na kitukuu akimshika kwa upande wa mama, na safari hii nimeviandika vyote viwili, kwa penseli.