Mkulima jirani akifariki huku Iowa: namna ya kwenda msibani na kuisaidia familia

Ndugu zangu mnaoishi huku Iowa, Marekani, hasa sisi tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania tukaletwa huku kwenye mahindi, naandika hii kwa sababu mzee jirani yangu alifariki mwezi wa tisa na mi sikujua taratibu zao, jioni ile ile tukaenda watu sita na mikeka na sufuria ya wali tukijua tutakuta watu wamejaa uwanjani, tukakuta taa zimezimwa na mama wa watu yuko ndani peke yake. Huku hakuna kulala matanga. Nyumbani usiende usiku, ila kama ana ng'ombe au nguruwe mpigie mwanae hapo hapo umuulize nani anawalisha kesho asubuhi, maana mifugo haijui kuna msiba.

Halafu tafuta tanzia, inawekwa kwenye tovuti ya nyumba ya mazishi, yani kampuni inayoshughulikia maiti na mazishi, utaona saa ya kuaga na saa ya ibada. Kuaga mara nyingi ni jioni moja kabla ya kuzika, unapanga foleni, unamshika mkono mjane na watoto, unaongea kidogo unasogea. Usiseme tu pole, taja kitu alichokufanyia. Mi nilisema alikuja na trekta saa kumi na moja alfajiri akanivuta kwenye mtaro wa theluji na hakutaka hela, mama akaniita nirudie ili mjukuu asikie. Hutasikia watu wakilia kwa sauti, usidhani hawana uchungu.

Rambirambi inawekwa ndani ya kadi, hata dola 20 inatosha, andika jina lako kamili na ulimjuaje. Tanzia nyingi zinaomba mchango badala ya maua, labda kwa kanisa au zimamoto wa kujitolea wa pale. Chakula peleka kwenye sahani za foili za kutupa, la sivyo bandika jina lako chini ya bakuli. Baada ya kuzika watu wanakula kanisani, mikate yenye nyama ya nguruwe ndo mara nyingi, Waislamu muulize kwanza.

Sasa jambo kubwa lenyewe ni mazao. Mkulima huku anapanda kuanzia mwishoni mwa mwezi wa nne na anavuna mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, na mwaka mzuri eka moja inatoa busheli kama 200 za mahindi, busheli ni kilo 25 na ushee, yani tani 5, gunia 50 zile zetu za kilo 100 kwenye eka moja! Sasa piga hesabu ana eka 300 na kafariki kabla ya kuvuna, mabua yanaanza kuanguka, upepo ukipiga mahindi yanalala chini, maharage ya soya yanapasuka maganda, na mkopo wa mbegu na mbolea bado uko benki. Ndo maana majirani wanasimamisha mashamba yao wanakuja na kombaini zao, zile mashine kubwa za kuvunia, kwa mzee zilikuja saba, na malori, na mafuta ya kwao, wakamaliza siku moja jioni na hakuna aliyetoa risiti. Ukisikia siku hiyo imepangwa nenda, hata kama hujui kuendesha mashine kuna kufungua mageti, kupeleka chai na maji, kusimama barabarani kuongoza malori.

Ila usiingie kamwe kwenye yale maghala ya bati ya mviringo wakati mahindi yanatolewa, hata ukiambiwa kuna bonge limeziba. Mahindi yanayotiririka yanakushika miguu kwa sekunde chache na ndani ya nusu dakika umefunikwa kichwa, na mtu aliyezama mpaka kiunoni hamumvuti kwa kamba, mtamuumiza. Zima mashine, piga 911, namba ya dharura, subiri wenye vifaa. Kuna wakulima waliokwenda kumwokoa mwenzao bila vifaa wakafia humo humo, nakuomba sana.

Kuhusu shamba, usimuulize mjane kama atakodisha au atauza, hata kama una nia njema, wenye hela wanaanza kumpigia wiki ile ile na inamuumiza sana. Subiri wanae waamue.

Baridi ikiingia ndo watu wanaacha kumtembelea mjane, kadi zimeisha na njia imejaa theluji. Pita umsafishie njia, ukae dakika kumi unywe kahawa. Na kukiwa na mnada wa vifaa nenda, hata kununua kitu kidogo. Mi nilinunua ndoo mbili za kulishia ndama kwa dola 5, mama akaniona nazo kwenye gari akasogea, akashika ile iliyofungwa waya, akaniambia hii inavuja upande wa kushoto, uwe unaijaza nusu tu.